Funga Kabla ya Tope, Fungua Kabla ya Lami
Mazungumzo kwa madereva na wakazi wa kata kuhusu matumizi ya kufuli la difu ya katikati, kuelekea msimu wa mvua



Safari moja ndani ya Mkoa wa Dodoma huweza kupita juu ya ardhi za namna tano. Gari hutoka mjini likiwa juu ya lami, huacha barabara kuu na kushika moramu, hushuka katika korongo la mchanga, huvuka mbuga ya udongo mweusi, kisha hurejea juu ya lami kabla ya jua kutua. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule, lakini ardhi iliyo chini ya magurudumu imebadilika, na kila inapobadilika hudai jambo tofauti.

Zamani mabadiliko hayo yalikuwa machache. Barabara karibu zote za mkoa zilikuwa za udongo, na dereva aliyefunga difu asubuhi aliweza kuiacha imefungwa hadi jioni bila kuliumiza sana gari, kwa kuwa tairi lilipata nafasi ya kuteleza kidogo kila mahali. Leo hali ni nyingine. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Barabara ya kwenda Iringa kupitia Mtera nayo imewekwa lami. Neema hii imeleta wajibu mpya. Desturi ya kufunga asubuhi na kufungua jioni, ambayo haikuwa na madhara makubwa juu ya udongo, juu ya lami huvunja gari na huhatarisha abiria. Kwa hiyo mazungumzo haya yana neno moja la kusisitiza: kufuli la difu hutumika kwa ajili ya ardhi iliyo chini ya gurudumu kwa wakati huo, wala si kwa ajili ya safari nzima au msimu mzima.

Kwa nini jambo hili ni la wananchi wote

Mtu asiye na gari aweza kudhani kwamba habari za difu ni za mafundi na madereva peke yao. Sivyo. Gari la wagonjwa, gari linalopeleka chanjo katika zahanati, gari la wataalamu wa RUWASA wanaofuata kisima kilichoharibika na gari la maofisa ugani ni mali ya wananchi, na huduma za kata hutembea juu ya magurudumu hayo.

Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, unaopigiwa simu bila malipo kwa namba 115, humfikisha hospitalini mama mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye hali ya hatari. Mfumo huo hutumia magari ya wagonjwa, na pale yanapokosekana hutumia magari ya madereva wa jamii waliosajiliwa. Maana yake ni kwamba dereva yeyote wa kata aweza kuitwa usiku wa mvua ili ambebe mama kutoka kijijini hadi kituo cha afya, hospitali ya wilaya, au mjini katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ile ya Benjamin Mkapa. Sehemu ya kwanza ya safari hiyo ni tope, na sehemu ya mwisho ni lami.

Uharibifu unaoletwa na matumizi mabaya ya kufuli hauonekani siku ile ile. Chuma huchoka polepole. Dereva aliyetembea na difu iliyofungwa juu ya lami mwezi Agosti aweza kurudi nyumbani salama na kuona hakuna kilichotokea. Chuma kilichochoka Agosti hukatika Februari, katikati ya mbuga, mgonjwa akiwa amelazwa nyuma. Hapo ndipo gharama inapolipwa, na anayeilipa si dereva.

Kazi ya difu

Mkulima anayelima kwa maksai anaifahamu difu hata kama hajawahi kufungua boneti la gari. Jozi ya maksai inapogeuka kwenye pembe ya shamba, ng'ombe wa nje hupiga hatua nyingi na ndefu, na yule wa ndani hupiga hatua chache karibu mahali pale pale. Wakilazimishwa kupiga hatua sawa, ama mmoja ataburutwa, ama nira itavunjika.

Magurudumu nayo huishi kwa kanuni hiyo. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Kwa hiyo kila ekseli inayosukuma gari imewekewa difu, kifaa cha meno ya chuma kinachoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti huku yote yakipokea msukumo wa injini.

Lakini kuna tofauti ya pili ambayo wengi hawaifikirii: magurudumu ya mbele husafiri mbali kuliko ya nyuma. Gari lenye urefu wa takribani mita 2.8 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama Prado nyingi zilivyo, likigeuka hata ekseli ya nyuma ikachora duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, ekseli ya mbele huchora duara la karibu mita 10.4. Katika kona ya robo duara, nyuma husafiri mita 15.7 na mbele mita 16.3. Tofauti ni sentimita 60 katika kona moja tu. Gari linalosukumwa na magurudumu manne wakati wote huhitaji basi difu ya tatu, iliyo katikati, ndani ya kasha la kugawa nguvu ambalo mafundi huliita transfa. Difu hiyo ndiyo inayoruhusu mbele na nyuma kutofautiana.

Udhaifu wa difu na kazi ya kufuli

Kifaa hiki chema kina udhaifu mmoja. Difu iliyo wazi haiwezi kuupa upande mmoja msukumo mkubwa kuliko ule ambao upande wa pili unaweza kuupokea. Gurudumu moja likiwa juu ya tope linaloteleza kama mlenda, hupokea msukumo mdogo sana kabla ya kuanza kuzunguka bure, na mengine matatu huishia kupata msukumo mdogo vilevile, ingawa yamesimama juu ya ardhi imara. Injini hunguruma, gurudumu moja hurusha tope, na gari halisogei.

Kufuli la difu ya katikati huondoa udhaifu huo kati ya mbele na nyuma. Likifungwa, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka kwa kasi moja. Gurudumu la mbele likiteleza, ekseli ya nyuma huendelea kusukuma.

Ni vema kufahamu pia lisiloweza kufanywa na kufuli hili. Halizifungi difu za ekseli zenyewe. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakipoteza mshiko kwa pamoja, gari laweza kukwama ingawa kufuli limefungwa. Hali hii hutokea mara nyingi kando ya barabara kuu wakati wa mvua: basi linakuja kwa kasi, dereva anasogea pembeni, magurudumu mawili ya kushoto yanaingia kwenye ukingo wa tope na mawili ya kulia yanabaki juu ya lami. Hapo upande mzima umekosa mshiko, na kufuli la katikati halina msaada mkubwa. Dawa yake ni kupunguza mwendo taratibu, kushika usukani bila kuukata ghafla, na kurejea barabarani pale ukingo unapolingana na lami. Baadhi ya magari yana kufuli jingine la difu ya nyuma. Hilo ni la kutolea gari lililokwama, kwa mwendo wa polepole na usukani ukiwa umenyooka.

Gharama ya kufunga juu ya lami

Juu ya mchanga au tope, zile sentimita 60 za kona moja humalizwa na ardhi yenyewe: tairi huteleza kidogo na tofauti hupotea. Juu ya lami kavu tairi hushika na halikubali kuteleza. Tofauti ikikosa pa kwenda huingia ndani ya chuma. Shafti hujisokota, meno ya gia hubanana, na mzigo huongezeka kila kona inayofuata.

Dalili zake hutambulika hata na abiria. Usukani huwa mzito. Gari hujihisi kama limekanyagwa breki kidogo. Katika kona ya polepole matairi hulia na gari huruka-ruka. Dereva anapojaribu kufungua, taa ya alama hubaki ikiwaka kwa sababu meno yamebanwa. Akiendelea hivyo, matairi huliwa upesi, mafuta hupotea bure, na mwishowe hukatika shafti, msalaba wa propela au meno ya transfa.

Hatari ya pili ni ya uhai. Gari lenye difu iliyofungwa hupenda kwenda mbele moja kwa moja. Katika kona za mteremko zenye lami iliyolowa, dereva hugeuza usukani na gari halimtii kama alivyozoea. Tena, katika baadhi ya magari kufunga difu huzima mfumo wa kielektroniki unaozuia gari kuyumba, na katika mengine huzima hata ule unaozuia magurudumu kujikaza wakati wa kufunga breki. Kwa hiyo mvua juu ya lami si sababu ya kufunga difu. Lami iliyolowa hutaka mwendo mdogo, matairi yenye vina vizuri na nafasi ya kutosha kutoka gari la mbele.

Hata katika barabara iliyonyooka hatari ipo, ikiwa matairi hayalingani. Tairi la mbele lililolika, likiwa na mzingo mdogo kwa asilimia moja tu kuliko la nyuma, huleta tofauti ya mita 10 katika kila kilomita. Ndiyo maana gari la magurudumu manne lahitaji matairi manne ya kipimo kimoja na yenye upepo unaostahili.

Si magari yote yana difu ya katikati

Makosa mengi hutokana na dereva kuhamishwa kutoka gari moja hadi jingine akidhani yote ni sawa. Yako makundi makuu mawili.

Kundi la kwanza ni la magari yanayosukumwa na magurudumu manne wakati wote. Land Rover ya aina ya One Ten iliyotoka mwaka 1983, na Defender zilizoifuata, zimo humu; kufuli lake huendeshwa kwa mkono ule ule wa transfa. Prado nyingi zimo humu pia. Baadhi ya zile za kizazi kilichoanza mwaka 2002 na kile kilichofuata hufungwa kwa kitufe. Magari haya yana difu ya katikati, na kwa hiyo yanaweza kutembea juu ya lami magurudumu yote manne yakisukuma, mradi kufuli limefunguliwa.

Kundi la pili ni la Land Cruiser za kazi, zile ambazo wananchi huziita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda kando ya kioo. Magari mengi ya wagonjwa na ya miradi vijijini ni ya kundi hili. Hayana difu ya katikati kabisa. Juu ya lami hutembea kwa magurudumu ya nyuma peke yake, mkono ukiwa kwenye 2H. Dereva anapouweka kwenye 4H, mbele na nyuma hufungamana papo hapo. Kwa maneno mengine, katika gari hilo 4H ni sawa na kufuli lililofungwa, na haifai juu ya lami hata kwa mwendo mdogo. Baadhi yake huhitaji pia dereva ashuke na kuzungusha habu za magurudumu ya mbele. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuingia kwenye tope, maana habu iliyozama haizungushwi kwa urahisi.

Yapo pia magari madogo yenye kitufe cha kufunga, lakini ndani yake hamna difu ya katikati. Kinachofungwa ni klachi, ambayo katika mengi huachia yenyewe mwendo unapoongezeka. Hayo yasihesabiwe kuwa sawa na Prado au Defender. Dereva anayekabidhiwa gari asilolijua hana budi kusoma kitabu chake au kumuuliza fundi kabla ya safari.

Kusoma ardhi ya uwanda wa kati

Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Si mvua nyingi, lakini hunyesha kwa vishindo juu ya ardhi iliyokauka miezi saba. Historia ya Kongwa inatosha kuwa fundisho. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga na kuleta matrekta mengi, yakiwamo yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita. Wakati wa kiangazi udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali na ukavila vyuma vya plau. Sehemu kubwa ya matrekta iliharibika mapema, na mradi ulifutwa mwaka 1951. Nguvu ya mashine haikukosekana. Kilichokosekana ni kuisoma ardhi.

Mchanga wa makorongo. Mito mingi ya mkoa, kama Bubu unaoteremka kuelekea bwawa la Bahi, huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Hapa difu ifungwe ukingoni, kabla ya kushuka. Upepo wa matairi waweza kupunguzwa, kwa mfano kutoka paundi 35 hadi karibu 20, ili tairi litambae juu ya mchanga badala ya kuchimba. Upepo huo urudishwe kabla ya kukimbia tena. Mwendo uwe wa kudumu bila kusimama katikati. Gurudumu likianza kuchimba, mguu uondolewe mara moja, kwa kuwa kila mzunguko wa bure ni koleo la kaburi la gari.

Mbuga ya udongo mweusi. Udongo huu ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa hujaza vina vya tairi na kulifanya kama ndizi iliyomenywa. Difu ifungwe kabla, gia nzito iwekwe, na dereva aende kwa mwendo wa wastani usiobadilika. Mvua ikiwa bado inanyesha, na safari si ya dharura, saa chache za kungoja jua zina faida kuliko siku nzima ya kuchimbua.

Moramu. Barabara ya moramu iliyokauka na kushindiliwa haihitaji kufuli. Gari la kundi la kwanza tayari linasukuma kwa magurudumu manne, na hiyo yatosha. Moramu iliyolowa, au mteremko wenye kokoto zilizolegea, huweza kuhitaji kufuli kwa mwendo mdogo, maana nguvu ya injini ya kushikilia gari hugawanyika mbele na nyuma. Dereva asidanganyike na utulivu huo akaongeza mwendo.

Drifti ya zege. Katikati ya korongo mara nyingi ipo drifti fupi iliyonyooka, mchanga ukiwa pande zote mbili. Hapo hakuna haja ya kufungua na kufunga tena ndani ya mita 20, mradi usukani umenyooka. Mchanga wa ng'ambo utaondoa msokoto mdogo uliojikusanya.

Lami iliyofunikwa na mchanga au tope. Baada ya dhoruba, mafuriko huacha matope juu ya lami kwa mita chache, kisha lami safi hufuata. Hapa wengi hukosea kwa kufunga. Tope hilo ni jembamba na chini yake ni pagumu. Linataka mwendo mdogo tu.

Hatua za kufunga na kufungua

Kwanza, dereva asimame au apunguze mwendo hadi ule wa mtu anayetembea, kabla ya kuingia mahali pabaya. Pili, anyooshe usukani. Tatu, abonyeze kitufe au asogeze mkono. Nne, asogee mita chache akiitazama taa ya alama. Katika magari mengi taa inayopepesa maana yake ni kwamba meno bado hayajakutana. Kufuli lisifungwe kamwe wakati gurudumu lolote linazunguka bure, kwa sababu meno yanayokutana kwa kasi tofauti huvunjana.

Wakati wa kutoka, mahali pa kufungulia ni mita 20 au 30 za mwisho za udongo kabla ya lami, ambako ardhi bado inalegeza chuma. Dereva afungue huku gari likienda polepole na usukani ukiwa umenyooka, kisha ahakikishe taa imezimika. Isipozimika, asilazimishe wala asipande lami akitumaini kwamba itazimika mbele ya safari. Arudi nyuma mita chache akiwa amenyoosha usukani. Msokoto hufunguka na taa huzimika. Ikiwa gari limekwisha kupanda lami, dawa ni hiyo hiyo, baada ya kuhakikisha kwamba nyuma ni salama.

Katika baadhi ya magari kufuli hujifunga lenyewe gia nzito inapowekwa. Dereva wa gari la namna hiyo akumbuke kwamba kutoka gia nzito ni sehemu ya kufungua.

Kufuli lisilotumika hushika kutu. Kwa hiyo lijaribiwe mara moja kwa mwezi juu ya udongo uliolegea, na hasa mwezi Novemba kabla ya mvua. Gari likivuka maji marefu, mafuta ya difu na transfa yakaguliwe. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia na hayana budi kubadilishwa.

Kufuli si mtumbwi

Hakuna kufuli linaloongeza uzito wa gari ndani ya maji. Maji ya sentimita 30 yanayokwenda kwa kasi huweza kulielea gari dogo, na ya sentimita 60 huweza kuchukua hata magari makubwa ya magurudumu manne. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliharibu Reli ya Kati katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Maji yaliyong'oa reli hayatamheshimu dereva kwa sababu amebonyeza kitufe.

Korongo likijaa, gari lisimame. Makorongo ya Dodoma hujaa haraka na mengi hupungua baada ya saa chache. Akiwapo mgonjwa, dereva awasiliane na kituo alikotoka na anakokwenda, ili itafutwe njia nyingine au gari la kumpokea ng'ambo. Kungoja ukingoni kunauma moyo wa ndugu wa mgonjwa, na maneno makali yaweza kutoka. Dereva ayasikilize kwa upole, lakini asiingie majini.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye gari la umma ana wajibu wa kuhakikisha kwamba dereva anafundishwa gari alilokabidhiwa, kwamba matairi yanalingana, na kwamba magari yanafikishwa TEMESA kwa ukaguzi kabla ya mvua badala ya kusubiri yaharibike. Ubao mdogo ulioandikwa kwa Kiswahili na kubandikwa mbele ya dereva, wenye maneno "Lami: 2H" au "Lami: fungua difu", hauna gharama kubwa.

Dereva ana wajibu wa kuitazama taa ya alama kila anapokanyaga lami, kama anavyotazama kioo kabla ya kupita gari jingine.

Wananchi nao wana sehemu yao. Wanaoishi jirani na korongo ndio wanaojua liligeuza mkondo wapi na tope limezama kiasi gani. Mwenyekiti wa kitongoji akimpigia simu dereva kabla hajatoka mjini na kumwambia, "Njia ya bondeni imekatika, pitia ya juu," huokoa muda kuliko kufuli lolote. Barabara iliyoharibika iarifiwe kwa Mtendaji wa Kata ili taarifa ifike TARURA. Vijana wanaosaidia kusukuma gari wasisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka, wala wasikae karibu na kamba ya kuvutia, kwa sababu kamba ikikatika hupiga kama risasi. Watoto wawekwe mbali.

Na abiria asione haya. Matairi yakilia kwenye kona ya lami, mzee aliyeketi nyuma anaweza kusema kwa heshima, "Mwanangu, samahani, tumeshafika kwenye lami, ile difu umeifungua?" Dereva mwema hatakasirika. Atatazama taa, atapunguza mwendo, na ikibidi atarudi nyuma mita chache. Dakika moja hiyo ndiyo inayoliweka gari tayari kwa simu itakayopigwa usiku wa Februari kutoka kijiji kilicho ng'ambo ya mbuga.

Ndugu wananchi, kanuni yenyewe ni fupi, na hata mtoto aweza kuikariri: funga kabla ya tope, fungua kabla ya lami.